Siku Niliyolala Usingizi Katikati ya Litania

Chekeni kwanza, chekeni mmalize, kwa sababu kila ninapoanza kusimulia mkasa huu watu wanacheka na mimi nacheka nao, halafu tukifika katikati wao wananyamaza na mimi nabaki na aibu yangu, pamoja na kitu kingine kinachouma kuliko aibu. Mimi ni sista. Nadhiri zangu za daima nilizifunga hapa hapa Kisangani, katika kanisa la parokia yetu Makiso, na siku hiyo, mbele ya askofu na mapadri na kwaya mbili na watu waliojaa mpaka nje, na mbele ya papa aliyenizaa, nililala. Sisemi nilisinzia (kusinzia masista wote tunasinzia, muulizeni yeyote habari za tafakari ya alfajiri). Nililala usingizi kabisa, wa kukoroma, na mate yakanitoka.

Kwa wale wasiojua mambo yetu, ni hivi. Sista anayefunga nadhiri za daima hulala kifudifudi sakafuni mbele ya altare wakati kwaya inaimba litania ya watakatifu, na katika shirika letu tunamfunika kitambaa cheusi chenye msalaba mweupe, kile kile tunachofunikia majeneza ya masista wetu, maana yake ameyafia mambo ya dunia. Litania ikiisha mzazi wake anakuja, anamfunua, anamshika mkono na kumwinua, kisha anampeleka kwa Mère, mkubwa wetu, naye Mère anauliza, “Nani anatutolea mtoto huyu?” na mzazi anajibu, “Ni mimi.” Ni hayo tu. Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo kutoka kwa papa tangu nilipoingia shirikani.

Papa wangu ni mvuvi wa upande wa Basoko, pale Aruwimi inapoingia kwenye mto mkubwa, na hakutaka niwe sista. Si kwamba hampendi Mungu, papa anasali kuliko mimi (na hiyo nayo ni aibu, ila si ya leo). Ni kwamba mama alitufia nikiwa mdogo, dada yangu Bibiche ndiye aliyenilea, na wakati mimi bado ni novisi Bibiche akapanda baleinière, zile mashua ndefu za mbao zenye injini, anakuja kuuza samaki Kisangani, na mashua ikapinduka. Walimtoa majini wakamlaza ukingoni, wakamfunika kitambaa. Papa alipofika alikifunua, akamwita jina, akamtikisa bega, maana mwilini hakuwa na jeraha lolote, alionekana amelala tu, na akaendelea kumwita mpaka watu wakamwondoa. Mimi nilifika amekwisha kuzikwa. Haya yote niliambiwa na majirani, papa mwenyewe hajawahi kunisimulia.

Tangu hapo nikimtajia nadhiri za daima alikuwa na jibu moja: amebakiwa na mtoto mmoja, na huyo mmoja Mungu anamtaka tena. Mimi nikawa nampigia simu kumtuliza. Papa, niko bien, sijambo kabisa. Papa, tunakula vizuri. Papa, masista wananipenda. Hata nilipoangushwa na malaria, hata mwaka ule niliogombana na Mère mpaka nikafunga sanduku langu na kulifungua tena kwa kukosa pa kwenda, papa alisikia niko bien. Nilidhani mtu anayetafuta baraka lazima aonekane amefurahi wakati wote, kama malaika wa plasta.

Mwishowe akakubali kuja, lakini si kunitoa. Alisema kwenye simu, “Nitakuya nione na macho yangu. Nikiona mutoto yangu iko muzima, iko na furaha, nitajua nifanye nini.” Nikamwelewa vizuri. Jibu lake lingetoka palepale kanisani, kwa mkono wake, watu wote wakiona, na kama mkono ungekataa nisingekuwa na pa kujificha.

Alifika na kapu la samaki waliokaushwa kwa moshi kwa ajili ya sherehe, na suti yake aliyoikunja ndani ya mfuko wa plastiki isije ikalowa mtoni. Siku moja kabla ya misa tukafanya mazoezi. Kile kitambaa cheusi kilikuwa kimefuliwa na kutundikwa nyuma ya jiko, na Kisangani mnaijua, nguo ikilowa haikauki kwa sababu wewe una haraka, basi Sista Christelle, mwenzangu aliyeongoza mazoezi, akaleta kitambaa cha meza cha refektori, chumba chetu cha kulia, chenye maua ya kijani. Nikalala chini, nikafunikwa maua, papa akaja kunifunua, akamkuta binti yake kitambaa kimemzunguka shingoni kama kola ya maua, na akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Bibiche afe. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, nimetolewa, na kwa furaha hiyo nikasahau kumwambia kwamba kesho kitambaa kitakuwa kingine.

Sasa tuje kwenye kidonge kilichonilaza. Siku zile za maandalizi tulipangusa kanisa zima, hata juu ya kabati za sakristia ambako vumbi lilikuwa limekaa tangu enzi za Wabelgiji, na mimi nikaamka siku ya sherehe na mafua ya kufungua bomba. Nilipiga chafya kwenye masifu, nikapiga chafya juu ya kahawa ya wenzangu (yangu sikunywa, nilikuwa nafunga), na kila mtu akaniona tayari niko mbele ya askofu nasema, “Ninaahidi usafi wa moyo na chafyaaa.” Sista Symphorose, mzee wetu anayetunza dawa, akanipa kikaratasi chenye vidonge viwili vya njano.

“Mado, umeze nusu,” akaniambia. “Nusu tu. Hii dawa inalalishaka batu.”

Nikasema ndiyo, Sista. Halafu nikafikiri peke yangu kwamba mafua yangu hayakuwa nusu, nikameza kizima. Na kule sakristia, wakati Symphorose huyo huyo ananibandika pini za shela, chafya ikaja tena, nikageuka kando nikameza na cha pili. Tumbo tupu, na nyuma yangu siku nyingi za kunyonyoa kuku na kupiga pasi mapazia badala ya kulala. Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia, kwenye kidonge kidogo kuliko punje ya mahindi.

Misa ilianza vizuri. Nilitembea na papa mpaka mbele, yeye na suti yake yenye mikunjo ya mfuko, ameshika kiwiko changu kwa nguvu kana kwamba tunavuka mto wenye mkondo. Masomo nikayasikia. Mahubiri baba askofu aliyaanza kwa Abrahamu, na alipomfikia Musa kichwa changu kilikuwa kimeanza kuwa kizito, nikajifinya paja chini ya kanzu, nikajifinya tena. Kwenye maswali nilijibu “Ndiyo, nataka” hata mahali ambapo askofu alikuwa anavuta pumzi tu. Watu walidhani ni bidii.

Kisha nikalala chini. Sakafu ilikuwa ya baridi, wameweka mkeka, nikaegemeza paji la uso kwenye mikono, na kitambaa kikashuka juu yangu, cheusi, kinanuka sabuni, bado kina unyevu kidogo, na ndani yake giza zuri kabisa. Kiongozi wa kwaya yetu, papa Dieudonné, anapenda litania jinsi wengine wanavyopenda mpira, haruki mtakatifu hata mmoja na anaongeza wa kwake. Nakumbuka Mtakatifu Mikaeli. Nakumbuka Watakatifu Petro na Paulo. Baada ya hao, watakatifu wengine wote wa mbinguni walipita bila mimi.

Yaliyofuata niliambiwa na Christelle. Anasema nilianza kukoroma polepole, na kwa bahati mbaya mikrofoni ya ngoma ilikuwa imewekwa chini karibu na kichwa changu, hivyo kila watu walipoimba “utuombee” kulikuwa na kitu kinajibu kutoka sakafuni, na wengine wakageuka kutazama nje wakidhani ni jenereta. Vijana wa kwaya walikuwa wanajiuma midomo. Mère alikuwa anatazama mbele bila kupepesa macho. Litania ikaisha, na papa akainuliwa aje.

Papa hakuwa anacheka. Christelle anasema tangu kile kitambaa kilipotandazwa juu yangu papa alikuwa amebadilika uso, amekaa kwenye ukingo wa benchi, mikono kwenye magoti, anakitazama tu. Akaja. Akapiga goti. Akafunua. Mimi sikuamka. Akaniita, “Mado.” Akanitikisa bega, akaniita tena, akanigeuza chali, na kichwa changu kikaanguka upande, mdomo wazi, macho yamefungwa, uso umelowa.

Papa akapiga kilio. Sikusikia mwanzo wake, nilisikia katikati, na ni kilio cha kwetu cha msibani, kile ambacho mwanamume anakitoa mara chache maishani na watu wa mtoni wakikisikia wanajua. Kina mama wa kanisani nao hawakungoja maelezo, wakakidaka, benchi kwa benchi, mikono kichwani, mmoja anapiga kelele kwamba sista amekufa, sista amekufa altareni. Na mimi katika usingizi wangu nikajua ni nyumbani, ni alfajiri, na mtu anayenigeuza ni dada yangu, kwa sababu hivyo ndivyo alivyokuwa akiniamsha twende kuteka maji, ananigeuza chali mpaka nikasirike. Nikasema, kwa sauti ya kukoroma, mdomo ukiwa kwenye mikrofoni:

“Bibiche, niache. Niko nalala.”

Kanisa zima likasikia. Kilio kikakatika, halafu kicheko kikaanza kwenye kwaya na kikaenda mpaka nje, watu wamelia na sasa wanacheka, wanafutana machozi, wanapigana mabega, hata askofu alifunika mdomo kwa kitabu. Hawakumjua Bibiche. Nilifungua macho nikaona uso wa papa juu yangu, na katika watu wote wale ni yeye peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa mweupe midomoni. Akanishika mkono, akaniinua kama walivyomfundisha, lakini badala ya kunipeleka kwa Mère aligeuka, akanivuta katikati ya benchi, kitambaa cha majeneza kimening’inia begani mwangu, mpaka tukatoka mlangoni.

Tukakaa kwenye ngazi za nje. Watu wa toleka, wale wanaobeba abiria, walikuwa wamesimamisha baiskeli zao barabarani wanatutazama. Papa alikivua kile kitambaa begani kwangu, akakikunja vizuri, akakiweka mbali naye.

“Banakufunika na kitambaa ya maiti,” akasema.

“Ni desturi yetu, papa. Ilipashwa nikuambie.”

“Nilikuita.”

“Nilikuwa nalala. Ni dawa ya mafua.”

“Hata Bibiche,” akasema, “nilizania iko nalala.”

Nilitaka kumjibu na badala yake nikapiga chafya. Papa akatoa leso kwenye mfuko wa suti, akanipa, akaningoja nimalize. Sijawahi kujisikia mjinga hivyo, na sijawahi kumhurumia mtu hivyo, vyote kwa wakati mmoja.

“Uliita jina yake,” akasema.

“Nilizania ni yeye ananiamsha.”

“Anakuyaka mu ndoto yako?”

“Mara mingi.”

“Haukuniambiaka.”

“Hata weye, papa, haukuniambiaka kitu.”

Akatikisa kichwa polepole. Ndani kwaya ilikuwa imeanza wimbo wa kujaza nafasi, papa Dieudonné akirudia beti zile zile. Padri mmoja akatokea mlangoni kusema baba askofu anauliza, na kwamba kwa sheria sista ni mtu mzima, hahitaji kuruhusiwa na yeyote. Mère alikuwa nyuma yake.

“Mon père, tutangoja,” Mère akamwambia. “Batu bameshakuya, na samaki iko ya kukauka. Haiozi.” Akamrudisha ndani.

Papa aliwaangalia wakienda, kisha akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza. “Unachokaka hapa?”

Nikafungua mdomo, na ile niko bien ilikuwa tayari ulimini, imezoea kutoka yenyewe. Lakini nilikuwa na alama za mkeka shavuni, mate yamekaukia kidevuni, na pua inayotiririka, na nikaona kwamba kwa sura ile hakuna mtu angeniamini.

“Ninachokaka, papa,” nikasema. “Ninachoka sana. Siku zingine ninaliaka mu chapelle. Ule mwaka wa jana nilifunga sanduku.”

“Na unataka kubakia?”

“Nataka kubakia.”

“Na vile unachoka?”

“Na vile ninachoka.”

Alizitazama baiskeli, akazitazama pikipiki, akaitazama mikono yake. Nilidhani atasimama, atanishika mkono, tutaingia, na nitasikia maneno yangu mawili.

“Mi siwezi kukutoa,” akasema. “Usinikasirikie. Mukono inakataa. Nikikuona chini ya ile kitambaa, mukono inakataa. Lakini siwezi kukufunga kamba. Kwenda, ingia. Mi nabakia hapa inje.”

Basi nikaingia peke yangu. Viatu vyangu vilikuwa vimebaki mbele kwenye mkeka, nikatembea pekupeku kutoka mlangoni mpaka altareni, na sasa hakuna aliyekuwa anacheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mère alinitazama, akatazama nyuma yangu, akaona sina mtu. Lakini maneno ya ibada ni lazima yasemwe, na yeye ni mtu wa ibada, akauliza jinsi inavyoulizwa, “Nani anatutolea mtoto huyu?”

Watu wote wakageuka mlangoni. Nami niligeuka. Mlangoni palikuwa na mwanga tu.

“Ni mimi, Mère,” nikasema, na kwa mafua yale ikatoka kama sauti ya mtu aliyeshikwa pua. “Ninajitoa mwenyewe.”

Wachache wakacheka kwa ajili ya sauti. Sista Symphorose akaanza kulia. Nikasoma nadhiri zangu, nikatia sahihi juu ya altare, askofu akanivisha pete, na yote hayo niliyafanya nikisikiliza nyuma kama kuna hatua za miguu.

Baada ya misa papa hakuwepo kwenye ngazi. Nilipanda pikipiki na shela langu, taji la maua kichwani, dereva anapiga honi njia nzima akidhani ananifurahisha, nikamkuta bandarini amekaa juu ya mzigo wake anangoja mashua ya Basoko. Nilikuwa nimembebea sahani ya wali na pondu, mboga ya majani ya muhogo, na samaki wake mwenyewe. Akala yote. Akasema pondu imekosa chumvi kidogo. Kisha akaniambia nirudi kwenye sherehe yangu, watu wananingoja, na mimi nikarudi nikacheza ngoma na wageni, uso ukiwa umevimba, na picha za siku ile nimezificha zote.

Wenzangu hawajanisamehe kwa utani. Mtu akipiga miayo kanisani anasikia mtu nyuma yake ananong’ona “utuombee”. Dawa ya mafua siimezi tena hata robo, napendelea kupiga chafya mbele ya Papa wa Roma mwenyewe. Hayo nayachekea. Nisichokichekea ni kwamba kila sista mwingine anapofunga nadhiri na baba yake akasema “Ni mimi”, mimi natafuta kazi ya kufanya sakristia, naanza kupanga mishumaa iliyokwisha kupangwa. Papa wangu anazeeka. Mpaka leo hajayasema, na sidhani kama atayasema.

Ila nilijiwekea nadhiri moja ya pembeni, ambayo askofu haijui: sitamwambia papa tena kwamba niko bien siku ambayo siko bien. Ni ngumu kuliko zile tatu nilizofunga altareni. Papa anapiga simu akipata reseau ya simu, nami namwambia yalivyo, leo nimefurahi, leo watoto wa shule wamenichosha, leo nimegombana na Christelle kwa ajili ya ndoo. Juzi alipiga na kuniuliza kama nililala. Nikamwambia hapana, papa, sikulala, nilimwota Bibiche na nikakaa kitandani nalia mpaka kengele ikalia.

“Bon,” papa akasema. “Hata mimi, papa yako, sikulala. Sasa niambie, alikuwa anasema nini?”